Aliyeazima Mwiba

Asubuhi ile kifungo cha chini cha shati langu kilikuwa kinaning'inia. Mke wangu alikiona kabla sijafika mlangoni.

"Rudi hapa."

"Nimechelewa."

"Umechelewa wapi? Wewe na karakana mlishaagana. Sogea mezani."

Nikataka kuvua shati. Akasema nisivue, hana hamu ya kutazama mbavu zangu kabla ya chai. Akalishika shati kwa mkono wake wa kulia, akalichomeka kwenye sindano iliyochomoza ukingoni mwa meza, akanisukuma tumboni nirudi nyuma kidogo mpaka kitambaa kikakaza. Nikawa nimefungwa pale kama mbuzi. Akachomoa sindano nyingine kwenye kipande cha sabuni, ilikuwa na uzi tayari, akaanza kushona. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala mapajani, mahali pake pa siku zote.

"Ukikimbia, shati litabaki," akasema.

"Nikimbilie wapi?"

"Wanaume hamkosi pa kukimbilia."

Akamaliza, akakata uzi kwa meno. Akakigonga kifungo kwa kidole, kama mtu anayebisha hodi. Mimi nikaenda kukaa na yule bwana aliyechukua karakana yangu, tukazungumza habari za vyuma. Niliporudi, chai ilikuwa kwenye chupa. Tukanywa. Siku ile halikutokea jambo lingine lolote.

Kesho yake kiharusi kilirudi mara ya pili, na safari hii hakikubakiza kitu.

Watu waliojaa nyumbani siku zile za msiba waliiona ile sindano mezani. Wengine waliigusa, wajukuu wakajichoma, na kila mtu akauliza ni ya nini. Sikuwa na nguvu ya kueleza. Nilisema tu, ni ya mama yenu. Sasa naeleza. Ile sindano ilitoka kwa ndege.

Mtaani kwetu walimwita Bi Pindo. Jina hilo alipewa na wateja. Nguo yake ingechakaa, ingepauka, ingetoboka viwiko, lakini pindo halikufumuka. Walitania wakisema shati la Bi Pindo likifa, pindo lake hurithiwa. Alishona sare za shule, mapazia, suruali za makarani, na magauni ya wanawake waliotaka waonekane wembamba. Hao wa mwisho aliwaambia, "Mimi nashona nguo. Miujiza nenda kaombe."

Mashine yake ilikaa chini ya dirisha la chumba cha mbele. Ni cherehani nyeusi ya kukanyaga, yenye maua ya rangi ya dhahabu. Upande wa kushoto maua yalishafutika zamani, pale kiganja chake kilipozoea kupita. Mimi na yeye tulikutana kwa ajili ya mashine hiyo. Mguu wa chuma wa cherehani ulivunjika, akauleta karakana niuchomelee. Nikauchomelea. Ukavunjika. Akarudi. Nikauchomelea tena, ukavunjika tena. Maisha yake yote aliwaambia watu kwamba nilikuwa nauharibu makusudi ili arudi. Si kweli. Chuma kile kina ubishi. Lakini sikulikanusha jambo hilo kwa nguvu sana.

Yeye aliniita Cheche, kwa kazi yangu ya kuchomelea. Mimi nilimwita Fundi. Majina tuliyopewa na wazazi wetu yalibaki kwenye vitambulisho.

Kiharusi cha kwanza kilimkuta akikata kitambaa. Mkasi ulianguka, akainama kuuokota, mkono wa kushoto ukakataa. Hospitali walimtunza vizuri, sina neno nao. Mguu ulirudi, ukiburuta kidogo. Maneno yalirudi yote, na mengine nadhani yaliongezeka. Mkono haukurudi. Ulikuwepo, una joto, una pete yake, lakini ulikuwa kama mgeni aliyekaa kimya barazani.

Muuguzi akasema atembee kila siku. Tukaanza mtaani. Kutoka mlangoni kwetu mpaka kwa fundi viatu si mbali, lakini kila mlango ulitoa mtu, na kila mtu alitoa pole. Pole, Bi Pindo. Pole, mama. Pole sana, ndiyo dunia. Alizipokea zote kwa adabu. Tulipofika nyumbani akakaa kitandani akasema, "Hizi pole nitaziweka wapi, Cheche? Kabati limejaa."

Ndipo tukahamia korongoni.

Nyuma ya nyumba za mwisho kuna korongo kavu. Maji hayajapita humo kwa muda ambao sijui kuusema. Ni mchanga, mawe, na vichaka vya miiba vilivyosimama kimoja kimoja kama watu wasiosalimiana. Mbele yake ni jangwa tu. Tulipanda asubuhi kabla jua halijakomaa. Nilimtengenezea mkongojo wa bomba. Akaubeba siku ya kwanza, akasema anahisi kama amepewa kazi ya kuunganisha maji mtaa mzima. Nikamchongea wa mti.

Alipanda polepole, mimi nyuma yake, ili akianguka aniangukie mimi. Hakuwahi kuanguka. Mahali korongo linapopinda kuna jiwe bapa lenye kivuli. Tulikaa hapo, tukanywa maji, tukarudi.

Wakati huo ndipo kitindamimba wetu alipokuja kututazama. Anaishi mji mwingine, ana gari la mizigo, ana moyo mzuri. Nalisema hili mapema ili asije akaeleweka vibaya. Alimkuta mama yake anajaribu kukunja shuka kwa mkono mmoja. Likikunjika huku, linafumuka kule. Akamnyang'anya kwa upole, akalikunja yeye, akaliweka kabatini.

"Mama," akasema, "umeshona vya kutosha. Umetusomesha kwa ile mashine. Sasa pumzika."

"Napumzika. Huoni nimekaa?"

"Nilikuwa nafikiria. Shemeji yangu ameanza kujifunza kushona. Hana mashine. Hii hapa inakaa tu, inashika kutu. Mwisho wa mwezi nakuja na gari, niichukue. Itakuwa kwenye familia ile ile."

Mke wangu alitazama mashine, halafu akamtazama mwanawe.

"Umefikiria vizuri," akasema. "Asante, baba."

Kijana akafurahi. Alipoondoka alinibusu kichwani, akaniambia nimtunze mama. Mimi nilikuwa nimekaa pale muda wote. Nilidhani amekubali.

Kesho yake korongoni alitembea mpaka kwenye jiwe. Akakaa. Akasema, "Mashine ikitoka mle ndani, mimi nitabaki kuwa nani?"

"Utabaki mke wangu."

"Nitabaki mgonjwa wako. Ni vitu viwili." Akavuta pumzi. "Mtu akipita dirishani hatasema pale anakaa fundi. Atasema pale kuna mama mmoja anaumwa."

"Kwa nini hukumwambia mwanao?"

"Nimwambie nini? Nishindwe kukunja shuka mbele yake, halafu nimwambie mimi bado fundi? Lazima aone. Akija, aone."

Kwa hiyo ikawa hivyo. Alikuwa na muda mpaka mwisho wa mwezi.

Mimi ni mtu wa vyuma. Nilijua la kufanya, au nilidhani najua. Mtu akikosa mkono wa kushikia, mpe kitu kinachoshika. Nikaenda karakana, nikaomba nafasi, nikamtengenezea jiriwa ndogo, yaani koleo la mezani lenye parafujo, kama lile tunalobania vyuma. Nikaipaka rangi ya kijani. Nikaifunga kwenye meza yake, nikasimama pembeni kungoja sifa.

Akaweka kitambaa. Akazungusha parafujo kwa mkono mmoja, kitambaa kikateleza kabla haijabana. Akaweka tena. Safari hii ikabana, na alipokivuta kikachanika. Akanitazama.

"Hiki ulikitengeneza cha kukamatia simba?"

"Nitakilegeza kidogo."

"Cheche. Kitambaa si chuma. Ukikibana kinaumia. Na kila nikisogea shubiri moja nifungue, nisogeze, nifunge tena? Pindo la gauni nitalimaliza siku ya kiama."

Nikaifungua jiriwa, nikaiondoa. Rangi ilikuwa bado mbichi, nikajipaka mikono yote. Hapo akacheka, ikawa nafuu kwangu.

Ndege tulikuwa tumeshamwona, ila hatukumtilia maanani. Mara ya kwanza tulikuta mjusi ametundikwa kichakani, mwiba umempita shingoni, mkia unaning'inia. Nikadhani ni mchezo wa watoto. Mke wangu akauliza, watoto gani wa kuja huku. Muda si mrefu akaja mwenye mali. Alikuwa mkubwa kidogo kuliko shomoro, kijivu mgongoni, mweupe kifuani, na mkanda mweusi umemkata machoni kama amefunga kitambaa. Mdomo wake umepinda nchani kama ndoana. Jina lake sikulijua na mpaka leo silijui.

"Jambazi huyo," mke wangu akasema. "Na barakoa kavaa kabisa."

Tangu hapo tulipofika jiweni tulimtafuta. Alipenda kukaa kwenye kijiti cha juu kabisa, kile kikavu kisicho na jani. Hakuimba. Hakurukaruka. Alikaa, akigeuza kichwa kidogo, akinyamaza, akigeuza tena. Ukimtazama muda mrefu unaanza kudhani ni sehemu ya mti. Halafu anaanguka. Nasema anaanguka kwa sababu kuruka ni jambo lingine. Huyu alijiachia tu kama kitu kilichomponyoka mtu mkononi. Karibu na mchanga ndipo anafungua mabawa, anapita chini kwa chini, anapiga. Mara nyingi panzi. Mara nyingine dudu jeusi lenye mgongo mgumu. Mara nyingine anakosa, anarudi juu, anajitikisa manyoya kama mtu anayejifanya hakutaka.

"Huyo ni wewe," mke wangu akasema siku ndege alipokosa. "Wewe ukikosea kazi unajifanya unatafuta nyundo."

Kulikuwa na panzi mmoja wa rangi kali, njano na nyekundu. Ndege alimtundika mwibani, akamwacha. Kesho yake tukamkuta yuko pale pale. Keshokutwa ndege akaja akamla. Mke wangu akasema panzi wa rangi zile huwa na sumu, na huyu anangoja sumu ipungue. Nikamuuliza amejuaje. Akasema hajui, lakini ndivyo yeye angefanya.

Siku ninayotaka kuisema, upepo ulikuwa umetulia. Miguu ilikuwa imemchosha mapema, na njiani hakuwa amenitania hata mara moja. Mwezi ulikuwa umeshafika nusu. Tulikaa.

Ndege akaanguka, na safari hii hakuinuka haraka. Alikuwa amempata mjusi mrefu karibu sawa na yeye mwenyewe. Akamng'ata kisogo, akamtikisa, akamng'ata tena. Mjusi akatulia. Ndege akainuka naye kwa shida, akiruka chini chini, karibu mkia wa mjusi uguse mchanga, akafika kwenye kichaka kilicho mbele yetu. Tuliwaona wazi, kama vile tumekaa dirishani.

Alipofika akajaribu kumkanyaga kwa mguu ili amchane. Mjusi akateleza. Akamdaka kwa mdomo. Akajaribu mguu tena, akateleza tena. Akamweka kwenye mwiba mmoja, akavuta, mwiba ukakatika, mjusi akaanguka mpaka chini. Nikasema basi, huyo amepoteza chakula. Mke wangu akanipiga kofi la goti ninyamaze.

Ndege akashuka, akamwokota. Akapanda tena. Safari hii alichagua. Aliruka kutoka tawi hadi tawi na mzigo wake mdomoni, akifika kwenye mwiba anautazama, anauacha. Akapata mmoja. Akaiweka shingo ya mjusi juu ya ncha, halafu hakumsukuma. Alirudi nyuma. Alivuta kwa mwili wote, mkia umefunguka, mpaka mwiba ukaingia wenyewe. Akaachia mdomo. Mjusi akabaki. Ndege akamgusa kidogo kuona kama ameshika, na ndipo akaanza kula, akichana vipande vidogo bila haraka.

Mke wangu alikuwa ameinama mbele, mkongojo umeanguka, hakuuona.

"Umeiona miguu yake?" akauliza.

"Imefanya nini?"

"Haikufanya kitu. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Mwewe anashika kwa kucha, anachana kwa mdomo. Huyu mdomo anao, miguu ni ya shomoro. Hana cha kushikia. Basi kaazima mwiba."

Akaushika mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia, akauinua kutoka mapajani, akauweka juu ya jiwe pembeni yake. Aliuweka taratibu, kama anavyowekwa mtoto aliyepitiwa na usingizi. Mpaka siku ile alikuwa anauficha ndani ya kanga.

"Wewe ulinitengenezea kucha," akasema. "Mimi nataka mwiba."

Kushuka siku ile alinitangulia. Nikamwambia mwenda pole hajikwai.

"Najua hajikwai," akasema bila kugeuka. "Na hafiki."

Nilichukua sindano ya kushonea magunia, ile nene ndefu, nikaikata, nikainoa kwenye jiwe mpaka ncha ikawa laini. Halafu nikafanya kosa la mtu wa kazi yangu. Niliichomelea kwenye kipande cha bati ili niipigilie mezani. Mchomeleaji ukimpa uji atauchomelea kwenye bakuli. Moto ukailegeza sindano. Alipochomeka kitambaa akavuta, ikainama mbele yake kama inamsujudia.

"Si kila kitu ni cha moto, Cheche," akasema.

Nikachukua sindano nyingine, nikatoboa ubao wa meza, nikaikaza kwa kijiti na gundi. Nilipomaliza ilikuwa imesimama wima, imara, hata mimi niliipenda. Akachomeka, akavuta, kitambaa kikapanda juu ya ncha kikachomoka.

Nikaanza kukata tamaa. Yeye hakukata. Akaitazama ile sindano muda mrefu, halafu akasema kesho turudi tukaangalie mwiba.

"Tuangalie nini? Mwiba ni mwiba."

"Ule wa kwanza alioukataa na ule alioukubali. Kuna tofauti. Sikuiona vizuri, nilikuwa natazama mjusi."

Tukarudi. Ndege hakuwepo, alikuwa kwenye shughuli zake. Nikasimama kwenye kichaka, nikachomwa kila mahali, nikimsomea kama mtu anayesoma mita ya umeme. Huu umesimama. Huu umelala upande. Ule wenye ngozi ya mjusi, umeelekea wapi? Nikautazama vizuri. Ulikuwa umeinama upande wa pili, ukimpa mgongo mvutaji.

"Basi," akasema kutoka kwenye jiwe. "Ukivuta, kitu kinazama. Hakipandi."

"Akili ni nywele, kila mtu ana zake," nikamwambia.

Akanitazama kichwani, pale pasipo na unywele hata mmoja. Akaokota mkongojo wake.

Nikaitoa sindano, nikatoboa tundu la mshazari, nikaiingiza ikiwa imeinama kumpa yeye mgongo. Akachomeka. Akavuta. Kitambaa kikazama kwenye sindano kikakaza, na akitaka kusogea anakiinua tu kwa kidole, anachomeka mbele. Haikuacha tundu la kuonekana. Upande mwingine wa kitambaa aliukalia.

Sitaki mtu afikiri kwamba siku hiyo hiyo alishona. Alijichoma. Pindo la kwanza lilikwenda kama njia ya nyoka, akalifumua. La pili akalifumua. Kutia uzi kwenye sindano ya mkono kulimliza, na nilimwona, nikajifanya naenda nje kutazama kuku. Niliporudi alikuwa ameikita sindano kwenye kipande cha sabuni, tundu juu, na anaulenga uzi kwa mkono mmoja. Ulipopita hakuniambia. Aliinua tu kipande cha sabuni nikione.

Mashine ndiyo iliyokuwa ngumu zaidi. Mguu wa kulia ulikanyaga vizuri, lakini kitambaa kinataka mikono miwili kukiongoza, kikiwa na mmoja kinageuka kinakwenda kinakotaka. Akapata njia. Kwanza alishikiza nguo yote kwa mkono kwenye ule mwiba wake, nyuzi ndefu ndefu za kuja kuondolewa baadaye. Nguo ikishashikizwa haina ujanja. Hata mkono mmoja unaipitisha. Kazi ya siku moja ilimchukua tatu, wakati mwingine nne. Alisema hana treni ya kuwahi.

Asubuhi moja mlio wa mashine ukatoka dirishani ukaenda mtaani. Nilikuwa nimekaa nje. Mke wa fundi viatu alikuwa anapita, akasimama. Akasikiliza. Akarudi kwao. Baada ya muda akaja na gauni mkononi.

"Bi Pindo, nimenenepa. Lifungue ubavuni, na pindo lishuke kidogo."

"Umenenepa au gauni limekonda?"

"Wewe tengeneza, maneno niachie mwenyewe."

Alikuja na gauni. Hakuja na pole. Mke wangu alilipokea akaliweka mapajani, na mwanamke alipotoka alilipapasa kitambo kabla hajaligusa kwa mkasi.

Gauni hilo lilikuwa bado mezani kitindamimba alipofika. Alifika kabla ya siku aliyosema, kwa sababu alipata mzigo wa kuleta upande wetu. Nikasikia gari. Nikatoka kumpokea, kama vile mimi ndiye ninayekwenda kupimwa. Pindo lilikuwa nusu. Mke wangu alijua nani amefika. Sikio lake lilikuwa zima.

Kijana alikuwa na kamba begani, mpya, ya kufungia mashine isigongwe njiani. Akaingia. Akamkuta mama yake ameinama mezani. Kitambaa kimezama kwenye sindano, kimekaza, mkono wa kulia unakwenda na kurudi, mkono wa kushoto umekaa juu ya meza kwenye mwanga, haujafichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Subiri, nimalizie hapa."

Akasubiri. Mimi pia nikasubiri. Alishona mpaka mwisho wa pindo na hakuharakisha, akapiga fundo, akakata uzi kwa meno. Akalichomoa gauni, akamtupia mwanawe.

"Vuta."

Kijana alielewa. Wanetu walipokuwa wadogo ndivyo alivyowafundisha kukagua kazi, ivute mpaka ijulikane. Akashika pindo kwa vidole vya mikono yote miwili, akavuta kidogo.

"Vuta kwa nguvu. Nilikulisha bure?"

Akavuta kwa nguvu. Pindo halikusema kitu. Akaligeuza upande wa ndani, akatazama mishono, akaligeuza tena nje. Akakaa kwenye kiti, gauni la watu magotini. Nikaona uso wake unabadilika, nikatazama pembeni.

"Mama, nilidhani nakusaidia," akasema.

"Najua, baba. Wewe una mikono miwili, ungejuaje?"

"Na shemeji nilishamwambia."

"Mwambie aje. Nitamfundisha hapa hapa. Akishindwa mashine hii, nyingine haitamfaa."

Kijana akaniangalia mimi kama anatafuta msaada. Nikainua mabega. Akaishika ile sindano ya mezani kwa kidole, akaniuliza imetoka wapi, nikamwambia kuna ndege mmoja korongoni nitakwenda kumwonyesha. Akacheka, akidhani natania. Akasimama, kamba bado begani, hajui aipeleke wapi. Akaenda mlangoni, akarudi. Akauliza, "Sasa mama, mimi nifanye nini?"

Mke wangu alikuwa ameshaivuta futi yake ya kupimia kutoka shingoni, ameichomeka ncha moja kwenye mwiba wake ili asiishike. Nilikuwa nimesimama pale pale karibu ya dirisha, na haya ndiyo aliyoyasema, sijaongeza wala sijapunguza:

"Kamba umekuja nayo, usiirudishe bure. Banda la kuku mlango umelegea, baba yako anaupita kila siku haoni. Kaufunge. Halafu njoo nikupime mabega, maana shati hilo ulilovaa aliyelishona hakukuona."